Bundi kwenye kiti cha daktari wa meno: kolaji inapofia njiani kwenda kwenye turubai

Tuseme kolaji yako, yaani picha uliyoitunga kwa kubandika pamoja vipande vilivyokatwa majaridani, ni hii. Bahari ya jioni, imekatwa kwenye tangazo la safari. Katikati ya maji kuna kiti cha daktari wa meno. Juu ya kiti ameketi bundi wa nyeusi na nyeupe kutoka jarida la zamani la wanyama, na bundi huyo ana mikono ya mpiga kinanda, mikono ya binadamu, yenye rangi kamili na inayong'aa. Kila aliyeiona alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Ukaona inafaa iwe kubwa, ukatafuta turubai, ukaipaka kwa akriliki. Sasa imekauka, iko ukutani, na watu wanasema, "Umechora vizuri." Basi. Hakuna anayenyamaza.

Kabla hujailaumu brashi (mchagua jembe si mkulima), iweke kolaji kando ya mchoro, rudi nyuma hatua tano, kisha ujiulize: tatizo ni kwamba mchoro haufanani na kolaji, au unafanana nayo lakini umepoa? Hayo ni magonjwa mawili. La kwanza ni la vipimo na rangi, nalo hutibika kwa rula na subira. La pili ni la kingo, yaani mahali vipande vinapokutana, na huwashika zaidi wachoraji wenye mkono mzuri kuliko wanaoanza. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu wengi hulikosea: huona mchoro umepoa, wakakimbilia kuongeza rangi kali.

Kila kitu kipo, ila mshangao umetoweka

Ziba mchoro wako kwa karatasi, uache kipande kimoja tu kikionekana: bundi. Mwanga unampiga kutoka wapi? Sasa kiti peke yake. Sasa mikono. Fanya hivyo hivyo kwenye kolaji. Kama kwenye kolaji bundi alimulikwa kutoka kushoto, kiti kilimulikwa na taa ya studio kutoka juu, na bahari ina jua linalozama nyuma, ilhali kwenye mchoro wako vyote vina mwanga mmoja mtulivu wa jioni, umeshampata mwizi.

Kolaji inashtua kwa sababu vipande vyake havikuzaliwa pamoja. Kila kimoja kimekuja na jua lake, kamera yake, karatasi yake, hata umri wake. Jicho linaviona vikikaa meza moja kwa nguvu, na hapo ndipo linaposita. Ukija kupaka, unatumia mkono mmoja, brashi zile zile, paleti ile ile. Bila kujijua unawapatanisha wageni. Unampa bundi wekundu wa machweo kwenye mabawa. Unakiwekea kiti kivuli juu ya maji. Unalainisha pale manyoya yanapokutana na kiganja. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ni uchoraji mzuri. Ukivijumlisha unapata picha ya kitabu cha hadithi ambamo bundi mwenye mikono ni kiumbe wa kawaida wa nchi hiyo.

Dawa yake haianzii kwenye turubai. Chukua karatasi ya plastiki inayoonyesha, itandaze juu ya kolaji, na kwa kalamu ya wino usiofutika upite ukingo mmoja mmoja, kila mmoja ukiupa alama: mkato au myeyuko. Mkato maana yake rangi mbili zinakutana bila kuchanganyika, bila kivuli, bila huruma. Myeyuko maana yake unataka mtazamaji auamini uongo. Mimi huacha myeyuko mmoja, ikizidi sana miwili, katika mchoro mzima. Kwa bundi wetu ningeuweka kwenye vifundo vya mikono tu, mahali manyoya yanapogeuka ngozi, kwa sababu hapo ndipo mtu atakaposogeza uso karibu kuangalia. Kingo nyingine zote ni mkato. Kiti hakina kivuli majini. Hakijawahi kuwa majini.

Ukishajua hivyo, mpe kila kipande namna yake ya kupakwa. Bundi alichapishwa kwa chembechembe. Mpake kwa brashi iliyokaushwa nusu, rangi chache, uache nyuzi za turubai zionekane. Mikono ilitoka kwenye karatasi ya kung'aa. Ipake laini, tabaka juu ya tabaka, bila alama za brashi. Bahari ipate brashi pana na haraka. Mtu asiyejua habari ya kolaji ataona tu kwamba vitu hivi haviongei lugha moja, na hilo ndilo unalolitaka.

Kuna kazi nzuri ya kujifunzia jambo hili. Mwaka 1921 mchoraji Max Ernst alipaka *Celebes*, ambayo leo iko katika jumba la sanaa la Tate huko London. Ni mafuta kwenye turubai, wala hakuna karatasi iliyobandikwa, lakini imejengwa kama kolaji: mwili mkubwa wa mviringo uliotokana na picha ya ghala la nafaka la Sudan, mwanamke asiye na kichwa mbele yake, samaki wanaoogelea angani. Tazama kingo zake. Ni kavu na kali, na hakuna kitu kinachojaribu kumfariji jirani yake.

Nimeamua mkato, lakini ukingo umevuja

Umebandika tepu ya karatasi, umepaka, umeibandua, na rangi imepenya chini yake kama mizizi. Turubai lina vibonde kati ya nyuzi, na rangi nyepesi hujipenyeza humo. Bandika tepu, ikandamize kwa ukucha au mgongo wa kijiko, kisha upake ukingoni tabaka la kwanza la rangi *iliyoko tayari chini ya tepu*, au midiamu isiyong'aa (gundi ya akriliki isiyo na rangi). Kitakachovuja ni hicho, na hakitaonekana. Kikikauka, ndipo upake rangi yako mpya, nzito kidogo, ukivuta brashi kutoka juu ya tepu kuelekea nje. Bandua tepu rangi ikiwa bado na unyevu, kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe. Ukingoja ikauke kabisa, utachana utando wa rangi na kupata meno ya msumeno.

Jambo jingine dogo. Karatasi ya jarida ikikatwa huacha uzi mweupe ukingoni, na ikichanwa kwa mkono huacha utepe mweupe mpana zaidi. Wengi huuacha nyuma wakidhani ni uchafu. Jaribu kuupaka mahali pamoja tu, kwa brashi nyembamba na nyeupe isiyo safi sana. Ukiuzungusha kila mahali mchoro unakuwa mchoro *kuhusu* kolaji, na huo ni mzaha mwingine.

Bundi amenenepa

Hapa chanzo ni hesabu. Kolaji nyingi hutengenezwa kwenye karatasi ya A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7. Turubai ulilonalo ni 60 kwa 80. Ukitanua A4 hadi upana wa 60, urefu unatakiwa kuwa karibu 85. Sentimita tano hazipo. Bila kupenda unaminya kila kitu kidogo kwenda chini, na bundi anapanuka kiunoni. Amua mapema: ama unapunguza bahari juu au chini, ama unaanza kwa kupima turubai kisha unatengeneza kolaji inayolingana nalo. Kolaji ya 20 kwa 28 inaingia kwenye turubai la 50 kwa 70 bila ugomvi: kila mraba wa sentimita 2 unakuwa wa sentimita 5, miraba 10 kwa 14.

Chora miraba hiyo kwenye plastiki, usichore juu ya kolaji. Njia hii ni ya kale na haijachakaa. Mchoraji James Rosenquist, aliyeanza maisha kwa kupaka mabango makubwa ya matangazo, alikata majarida, akapanga kolaji ndogo, akazipigia miraba na kuzihamishia kwenye mbao na turubai. Ndivyo uso wa Rais Kennedy wa Marekani, kipande cha keki na gari vilivyokaa bega kwa bega katika mchoro wake *President Elect*, na mwingine, *F-111* wa 1964 hadi 1965 ikafika urefu wa mita 26 hivi.

Anayetumia projekta ana ugonjwa wake. Projekta ikiinama hata kidogo, mraba unakuwa trapeza, mpana upande mmoja kuliko mwingine, na kiti cha daktari kinaonekana kama kinaanguka nyuma. Mulika mraba mtupu kwanza, pima pande zake nne kwa uzi, kisha mishazari yake miwili. Pande zisipolingana, au mishazari isipolingana, sogeza projekta, usirekebishe kwa macho. Na kama uliipiga kolaji picha kwa simu, huenda ulikaribia mno. Lenzi pana huvimbisha katikati. Rudi nyuma, vuta kwa zumu.

Kama vipimo viko sawa na bado kitu kinakukera, shuku adabu yako. Mikono ya mpiga kinanda ni mikubwa mno kwa bundi. Kwenye kolaji ulifurahia hilo. Kwenye turubai mkono wako "ulimsaidia", ukaipunguza ifae. Pima kwenye kolaji: kiganja kinaingia mara ngapi kwenye kichwa cha bundi? Pima kwenye mchoro. Kisha geuza vyote viwili juu chini na upake upya ulipopunguza. Vikiwa juu chini, akili huacha kuona bundi na kuanza kuona maumbo.

Rangi zimekufa, au zimekuwa tope

Hapa sababu ni nyingi na huwa zinakuja pamoja, kwa hiyo ondoa moja baada ya nyingine.

Anza na unachonakili. Kama unatazama kolaji kwenye skrini ya simu, acha. Skrini inatoa mwanga, rangi ya akriliki inauakisi tu. Utafukuza mng'ao ambao hakuna chupa inayouuza. Changanya rangi ukiwa na karatasi yenyewe mkononi, na taa ile ile ya mchana imulike karatasi na turubai. Taa ya manjano ya usiku itakufanya uongeze bluu ambayo asubuhi utaijutia.

Halafu kuna chembe za uchapaji. Weka kioo cha kukuzia juu ya ule mkono wa mpiga kinanda: ngozi haipo. Kuna nukta za majenta (wekundu wa zambarau) na njano, sayani (bluu ya kijani) kidogo, nyeusi kidogo, na jicho linazichanganya kwa mbali. Ukitumia skana, nukta hizo hugeuka mawimbi ya ajabu kwenye picha. Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi, washa kile kipengele cha kuondoa nukta za uchapaji, halafu ndipo upunguze ukubwa. Wakati wa kuchanganya, inasaidia kuanzia karibu na wino wenyewe. Angalia alama ndogo nyuma ya tyubu: PB15:3 ni bluu inayokaribia sayani, PR122 ni majenta, PY3 ni njano ya baridi, PW6 ni nyeupe ya titani. Tyubu yenye alama moja tu ina rangi moja ndani. Tyubu zenye alama tatu kila moja, ukizichanganya mbili tayari una rangi sita, na huko ndiko tope linakotoka.

Ikiwa rangi ilikuwa sahihi kwenye paleti na ikaharibika ukutani, hiyo ni tabia ya akriliki yenyewe. Gundi iliyomo ndani yake ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, na huwa kama kioo ikikauka. Kwa hiyo rangi hushuka, inakuwa na giza zaidi kuliko ulivyoiona. Paka tone kwenye kadi, likaushe kwa drayeri ya nywele, lishike juu ya kolaji. Toboa tundu kwenye kadi hiyo ili uone rangi ya kolaji peke yake, bila majirani zake wanaoidanganya. Ni kazi ya kuchosha. Nusu saa ya kadi huokoa siku mbili za kurudia.

Bundi wetu ana tatizo lake binafsi. Alikuwa wa nyeusi na nyeupe, ukachanganya nyeusi na nyeupe, akatoka wa bluu kama bati. Ndivyo nyeusi nyingi za tyubu zinavyofanya zikikutana na titani. Tengeneza kijivu kwa bluu ya ultramarini na kahawia ya umba iliyochomwa, kisha nyeupe. Ukizidisha kahawia anapata joto, ukizidisha bluu anapoa. Weka karatasi mpya ya kuandikia kando ya jarida lile la zamani na utaona "nyeupe" yake ni rangi ya maziwa yaliyokaa. Je, umpake bundi alivyochapishwa zamani, au alivyo sasa, karatasi ikishageuka manjano? Mimi nampaka alivyo sasa. Ndiye aliyekusimamisha ulipofungua ukurasa.

Anga la machweo lina mistari

Akriliki hukauka kwa dakika, na anga linataka muda. Ukirudi na brashi juu ya rangi iliyokauka nusu, unachana utando wake na kuacha makovu. Changanya rangi zote tano au sita za anga kabla hujaanza, kila moja kwa wingi. Lowesha turubai kidogo, kwa sababu geso (rangi nyeupe ya msingi inayopakwa kwanza kwenye turubai) ikiwa na kiu hufyonza maji ya tabaka la kwanza. Paka kutoka rangi angavu kwenda ya giza, na pale mbili zinapokutana pita mara moja na brashi pana iliyo na unyevu tu. Dawa ya kuchelewesha kukauka inasaidia, ila fuata kipimo cha chupa. Ikizidi, mchoro unabaki ukinata na kuvuta vumbi.

Kama mistari imeshakauka, usipigane nayo palepale. Acha hadi kesho, kisha pitisha tabaka jembamba sana la rangi ya katikati iliyochanganywa na midiamu, siyo maji matupu, kwa kukatiza mistari. Mara tatu zinatosha. Ingawa, kusema kweli, anga la tangazo la safari lililochapishwa vibaya huwa na mistari tangu jaridani, na nimeshawahi kuiacha makusudi.

Madogo madogo

Penseli inaonekana chini ya anga au imeifanya rangi nyepesi kuwa ya kijivu: mistari ilikuwa mizito. Ifute kwa raba laini hadi ibaki hafifu, paka midiamu isiyong'aa juu yake, ikikauka ndipo uendelee. Ikiwa umeshapaka, tabaka mbili za rangi iliyochanganywa na nyeupe ya titani zitaifunika.

Herufi zilizokatwa kwenye kichwa cha habari zimetoka zimelewa: ulikuwa unaandika badala ya kupaka. Geuza turubai juu chini, na upake nafasi zilizo *kati* ya herufi.

Njano haikai juu ya bahari: njano nyingi safi zinapitisha mwanga. Paka nyeupe kwanza mahali pale pale, ikauke, kisha njano.

Sehemu nyingine zinang'aa, nyingine zimefifia: palipong'aa palipata midiamu, palipofifia palipata maji. Vanishi moja juu ya vyote itasawazisha, baada ya mchoro kukauka kwa muda uliotajwa kwenye chupa, maana unyevu uliofungiwa chini huleta ukungu. Lakini fikiri kwanza. Mikono iliyotoka kwenye karatasi ya kung'aa, kando ya bundi aliyetoka kwenye karatasi kavu: tofauti hiyo ilikuwa ya kolaji. Unaweza kuirudisha kwa kupaka midiamu ya kung'aa mikono peke yake.

Mtu ameitambua picha

Hili halionekani kwenye turubai bali kwenye barua. Picha ya jarida ina mwenyewe, na kuipaka kwa brashi hakumfuti. Msanii Jeff Koons alishindwa mahakamani Marekani mwaka 1992 kwa sanamu aliyoitoa kwenye picha ya postikadi, kisha mwaka 2006 akashinda kesi nyingine ya mchoro, *Niagara*, alimoweka miguu iliyotoka kwenye jarida la urembo kati ya miguu mingine na vyakula. Katika kesi ya pili mahakama iliona ameipa picha kazi mpya. Mipaka hutofautiana nchi na nchi, lakini dalili ya hatari ni ile ile: kama kipande kimoja kimechukua mchoro wote, na aliyekipiga picha angekitambua akiwa bado mlangoni, kikate zaidi, kigeuze, au badala yake utumie picha uliyoipiga mwenyewe. Mikono ya mpiga kinanda si lazima iwe ya mpiga kinanda.

Nimerekebisha mara tatu na sasa ni uji

Akriliki iliyokauka haifutiki kama mafuta mabichi, lakini inasuguka. Chukua msasa laini wa namba 400, uloweshe ili vumbi lisiruke, usugue mabonde na vilima vya eneo lile tu hadi vidole visihisi kitu. Futa, kausha. Kisha paka geso *ndani ya umbo la kipande*, kufuata ukingo wa bundi kabisa, bila kugusa bahari. Sasa una shimo jeupe lenye sura ya bundi, na hapo kolaji inakusaidia tena, maana kipande kimoja kinaweza kung'olewa bila vingine kujua.

Usifungue rangi bado. Kata karatasi yenye umbo hilo, ibandike juu ya shimo kwa tepu isiyong'ang'ania, kwanza nyeusi na nyeupe, halafu jaribu nyingine kabisa: korongo, birika, kichwa cha farasi. Iache ukutani siku mbili. Pita ukienda zako, bila kusimama makusudi. Ile itakayokusimamisha mlangoni, hiyo ndiyo upake.